Mstari mmoja mweusi Kawetire: kisa cha Altezza iliyovuliwa LSD yake

"Fundi, shikamoo. Gari inakata nguvu kwenye kona."

Ndivyo alivyoanza mwenye gari, kijana mfanyabiashara wa viazi wa hapa Mbeya, asubuhi moja ya mwezi Machi huku ukungu bado umeukalia mlima Loleza. Gari lenyewe ni Toyota Altezza RS200 ya gia sita za mkono, injini 3S-GE ya lita mbili. Nikalizunguka, nikaliwasha, nikalisikiliza. Injini haikuwa na sauti ya ugonjwa. Nikamwuliza ni kona zipi.

"Za kupanda Kawetire, njia ya Chunya. Hasa za kushoto. Nakanyaga mafuta, mshale wa mizunguko ya injini unaruka, injini inapiga kelele, gari haina habari. Ikinyooka tu, inaondoka."

Klachi alikuwa ameshabadilisha: pleti, presha na rilizi beringi, zote, kwa ushauri wa fundi aliyemwambia mshale ukipanda bila mwendo kupanda basi klachi imekwisha. Nikikumbuka pesa ile inaniuma, kwa sababu dalili aliyonitajia ilikuwa inajieleza yenyewe. Klachi iliyokwisha haichagui kona. Inateleza kwenye gia kubwa, mlima ulionyooka, gari likiwa na mzigo, na harufu ya pleti inaingia mpaka ndani. Altezza hii ilikuwa inapanda mlima ulionyooka kwa gia ya nne bila neno. Ugonjwa ulitokea kwenye gia ya pili, kona ya kushoto, na ukapona usukani uliponyooka. Maana yake nguvu ilitoka salama kwenye injini, ikapita klachi, gia boksi na propela, kisha ikapotelea nyuma kabisa, baada ya difu, lile kasha la gia linaloyagawia matairi ya nyuma nguvu.

Tukaondoka kwenda kuona. Nilimwambia aendeshe yeye, mimi nikakaa kushoto, kioo nimeshusha. Barabara ya Chunya inauacha mji ulio kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na ndani ya kilomita chache inakuwa imefika zaidi ya mita 2,400, ikikatiza misindano ya shamba la miti la Kawetire. Kwa kuwa sisi tunaendesha upande wa kushoto, kona ya kushoto ndiyo tunayoikata kwa ndani: inabana kuliko ya kulia, na mwinuko wake ni mkali zaidi.

Kwenye kona ya tatu nilitoa kichwa nje. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa linazunguka kivyake, linalia, linatupa harufu ya mpira, na gari zima linatambaa kama limebeba tani tatu. Nikamwambia asimame penye nafasi, tukarudi kwa miguu. Kwenye lami kulikuwa na mstari mmoja mweusi, mrefu wa hatua zangu saba, upande wa ndani wa kona. Upande wa nje lami ilikuwa safi kama haijapitiwa na gari.

Nilisimama pale muda kidogo. Altezza RS200 ya mkono, yenye difu ya Torsen aliyoniambia ilikuwamo alipoinunua (aina ya LSD, yaani difu ya kubana, isiyoliachia tairi moja lizunguke bure), ingeacha mistari miwili au isiache hata mmoja.

Na hapa niseme jambo moja ambalo vijana wengi hulikosea. Injini ile ilitangazwa kiwandani kuwa na nguvu farasi 210, lakini injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Pale tuliposimama ilikuwa imebaki na farasi 160 hivi. Kwa hiyo tairi lile halikuzungushwa bure na wingi wa nguvu. Lilizungushwa na uhaba wa mshiko. Gari la farasi 160 kwenye kona iliyobana na kupanda lina haja ya LSD kuliko la farasi 300 kwenye barabara iliyonyooka.

Difu iliyokuwa kwenye kiroba

Tuliporudi gereji nilimwuliza historia. Alipolinunua gari lilikuwa na mlio wa kuvuma kuanzia kilomita 80 kwa saa. Akalipeleka gereji moja, sitaitaja. Huko fundi alilinyanyua nyuma kwa jeki, akaweka gia, akazungusha tairi la kulia kwa mkono. La kushoto likazunguka kinyume. Akamwambia, "Hii LSD yako imekufa, sasa hivi ni difu ya kawaida tu. Tukutafutie nyingine yenye uhai." Wakamfungia difu ya mtumba. Mlio ukakoma, na kijana akafurahi, mpaka msimu wa viazi ulipoanza kumpeleka mlimani kila wiki.

"Ile ya zamani iko wapi?"

"Nyumbani kwa mama, fundi. Niliwaambia wanipe chuma changu."

Nilimshukuru Mungu kwa ubishi wake. Jioni ile aliileta ikiwa ndani ya kiroba cha mbolea, imejaa vumbi la maganda ya viazi. Nikafungua. Ndani ya kasha, pale ambapo difu ya kawaida ina spaida zake za meno ya pembe juu ya pini moja, hii ilikuwa na gia nyembamba za meno ya mshazari zilizolala pamoja kama njiti kwenye kiberiti. Torsen kamili, meno yanang'aa, hakuna mkwaruzo. Kilichokuwa kimekufa ni beringi ya piniani, gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu: ukiizungusha unasikia kokoto. Mlio wote ule ulikuwa beringi.

Sasa kwa nini jaribio la mkono lilimdanganya yule fundi? Jaribio lenyewe si baya, ila halifai kila aina ya LSD. Ile ya pleti, ambayo ndani ina sahani za msuguano zinazobanwa na springi, ukiizungusha hivyo inagoma au inataka nguvu nyingi. Ile ya majimaji mazito ya silikoni inazunguka taratibu kama imezamishwa kwenye asali. Torsen haina pleti wala majimaji hayo. Inabana kwa sababu meno yake ya mshazari yanasukumana na kujikandamiza kwenye kuta za kasha pale nguvu ya injini inapopita. Bila nguvu kupita, hakuna cha kuibana, na matairi yanazunguka kinyume kama difu ya kawaida kabisa. Mkono wa fundi si injini. Torsen nzima na difu ya kawaida, juu ya jeki, karibu zinafanana. Njia ya uhakika ni kufungua na kutazama kilichomo, au kusoma namba ya ekseli kwenye kibati cha gari na kuilinganisha na katalogi ya spea.

Nguvu inakwenda kwa nani

Difu ipo kwa sababu kwenye kona tairi la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani. Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliifunga kwenye gari la mvuke tangu 1827, na hesabu yake haijabadilika: inaruhusu matairi yatofautiane mwendo, lakini inayapa nguvu ya kuzungusha iliyo sawa. Hilo neno sawa ndilo kiini cha kisa hiki. Tairi moja likishindwa kupokea, la pili nalo halipewi zaidi ya lile lililoshindwa.

Tuchukue namba za mfano, zilizo karibu na hali ya kona ile. Gia ya pili, injini inaleta Nm 1,400 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kwenye ekseli ya nyuma. Gari limeinamia kulia, tairi la kushoto limepungukiwa uzito, linaweza kushika Nm 400 tu kabla ya kuteleza. Difu ya kawaida inatoa 400 kushoto na 400 kulia, jumla 800. Ziada yote inaishia kulizungusha tairi la kushoto, mshale unaruka, na tairi la kulia, ambalo limekaliwa na uzito wote na lingeweza kushika 1,000 au zaidi, linabaki bila kazi.

Torsen inakubali upande wenye mshiko upewe mara kadhaa ya ule dhaifu. Tukisema uwiano wake ni 2.5 kwa 1, kushoto 400, kulia 1,000, jumla 1,400. Injini ni ileile na matairi ni yaleyale, ila sasa gari linapanda.

Ferdinand Porsche alikutana na shida hii kwenye gari la mashindano la Auto Union aliloanza kulibuni mwaka 1932: tairi moja la nyuma lilizunguka bure hata kwenye kilomita 160 kwa saa, na mwaka 1935 akaiagiza kampuni ya ZF ya Ujerumani imtengenezee difu ya kubana. Torsen yenyewe ni kazi ya Mmarekani Vernon Gleasman, ya mwaka 1958. Kona zetu za Kawetire zinauliza swali lilelile, kwa mwendo wa kilomita 35.

Kuirudisha

Nilibadilisha beringi za piniani na za kando, oili sili, na spesa ya kujibana ambayo hairudiwi ikishafungwa mara moja. Kazi ya difu ni uvumilivu. Nafasi ya meno kati ya krauni, ile gia kubwa, na piniani, Toyota nyingi za ukubwa huu hutaka milimita 0.13 hadi 0.18, na hapo huwezi kukisia kwa kidole. Unaweka geji ya saa, unapima sehemu nne za krauni, kisha unapaka rangi meno uone yanagusana katikati au pembeni. Nilimaliza siku ya pili mchana. Oili ni ya GL-5. Ile dawa ya kupunguza msuguano inayoongezwa kwenye LSD ya pleti, hapa haina kazi.

Kabla ya kufunga, tairi la nyuma kushoto lilinisimamisha. Lilikuwa limebaki na kashata za milimita 2, la kulia 8. Msimu mmoja wa kuzunguka bure kwenye kona za kushoto ulikuwa umelila. Kijana akasema atalibadilisha mwisho wa mwezi. Nikamwambia hapana mdogo wangu, kwanza tairi ndipo difu. Kwenye saizi yake ya 205/55R16, tofauti ya milimita 6 kwenye nusu kipenyo ni karibu asilimia 2, yaani tairi dogo linazunguka mara 10 hivi zaidi kwa kila kilomita moja. Difu ya kawaida haijali. LSD inaichukulia kila kilomita ya barabara iliyonyooka kuwa kona isiyokwisha: gia zake zinasuguana mfululizo, na kila ukikanyaga mafuta gari linavutwa upande mmoja. Akanunua mawili mapya, ya aina moja.

Wapo waliomshauri ile ya mtumba tuichomelee spaida, "ipate kubana bila gharama". Difu ya kuchomelea matairi yake hayatofautiani kamwe. Kwenye uwanja wa kuchezea gari, sawa. Kwenye barabara ya Chunya, mvua inanyesha na lori la mkaa linashuka, inalazimisha tairi moja kuteleza kila kona, inakula matairi na mwisho inakata shafti. Nilikataa, na nitakataa tena.

Mistari miwili, na maswali mapya

Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika tulipopanda tena. Kona ileile, gia ileile. Safari hii sikuhitaji kutoa kichwa: gari lilikaa chini nyuma, likatusukuma mgongo, likatoka. Kijana alicheka kwa sauti. Ningependa kuishia hapo, lakini kisa hakikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo wauzaji wa LSD huwa hawaisemi.

Kwanza alisema, "Fundi, mbona katikati ya kona usukani umekuwa mzito, pua inataka kwenda nje?" Alihisi sawasawa. Kitu kinachobana ndani ya LSD, kiwe pleti, majimaji au meno, huiondoa nguvu kwenye tairi linalozunguka haraka na kuipeleka kwa linalozunguka polepole. Kwenye kona yenye mshiko mzuri, mafuta kidogo, tairi la haraka ni la nje, kwa kuwa linatembea njia ndefu. Kwa hiyo nguvu zaidi inakwenda la ndani, nalo linalisukuma gari linyooke. Pua inakataa kona. Ukiongeza mafuta mpaka la ndani lianze kuteleza na kulipita la nje, mambo yanageuka: nguvu inahamia nje, na tairi la nje linauzungusha mwili wa gari kuelekea ndani ya kona. Gari moja, kona moja, tabia mbili, na kinachozitenganisha ni mguu wa kulia. Dereva wa gari la michezo anayeijua hali hiyo anaigeuza kuwa usukani wa pili. Asiyeijua anashtuka.

Na kijana alishtuka. Kona iliyofuata ilikuwa na utelezi wa majani ya misindano, naye, kwa furaha yake, akakanyaga kama alivyokuwa akikanyaga zamani. Mkia ukatoka. Si sana, nusu mita labda, akaurudisha, lakini alikuwa ametoa jasho.

"Zamani haikuwa inapiga mkia!"

Zamani haikupiga mkia kwa sababu tairi la nje halikuwa linafanya kazi. La ndani lilizunguka bure, nguvu ikapotea, na la nje likabaki na mshiko wake wote wa kulizuia gari lisiende upande. Tairi lina mshiko mmoja tu, na linaugawa kati ya kusukuma mbele na kushika ubavuni. LSD ilipolipa tairi la nje kazi ya kusukuma, ilichukua kutoka kwenye fungu lile la ubavuni. Kwenye lami kavu fungu linatosha. Kwenye utelezi, yote mawili yanaachia pamoja, na ndipo mkia unapotoka. Difu ya kawaida inakupotezea mwendo, lakini inakupa onyo la kelele gari likiwa bado limenyooka. LSD inakupa mwendo, na onyo lake linakuja kupitia kiti.

Tulisimama, nikalitazama gari kwa chini. Springi za nyuma zilikuwa zimekatwa na mwenye gari wa zamani ili likae chini. Springi iliyokatwa inaufupisha mwendo wa tairi kushuka, tairi la ndani linaachana na lami mapema, na kila kitu nilichoeleza kinatokea kwa ghafla zaidi. Hizo alizibadilisha mwezi uliofuata. Kwa wakati ule nilimwambia kwenye mvua akamate gia ya tatu, na mafuta ayaongeze usukani ukiwa unanyooka, si kabla. Tuliteremka mjini akiendesha polepole, na wakati wa kushuka alisema mwenyewe kwamba akiachia mafuta gari limetulia kuliko mwanzo. Torsen hubana pia injini inapozuia mwendo, ingawa kidogo.

Simu kutoka Isyonje

Wiki tatu baadaye akapiga simu akiwa shambani, juu ya Isyonje. Alikuwa amepishana na trekta, tairi la nyuma la kushoto likaingia kwenye mfereji, likaning'inia hewani. "Fundi, LSD imekufa kweli sasa. Tairi la hewani linazunguka, la chini limelala."

Haikuwa imekufa. Torsen inazidisha kile kinachopokelewa na tairi dhaifu, na tairi lililo hewani halipokei kitu. Mara 2.5 ya sifuri ni sifuri. LSD ya pleti, kwa kuwa springi zake zinabana muda wote, ingempa walau kidogo.

Nikamwambia, "Weka gia ya kwanza. Vuta handbreki mibofyo mitatu, minne, isikamate kabisa. Sasa toa klachi taratibu, mafuta kidogo."

Akauliza breki itasaidiaje gari lisiloenda. Nikamweleza kwa ufupi, kwa kuwa salio lilikuwa lake. Handbreki ikitia ukinzani wa Nm 100 kwenye kila tairi la nyuma, lile la hewani sasa lina 100 za kupokea. Torsen inalipa la chini mara 2.5 yake, yaani 250. Toa 100 zinazoliwa na breki ya upande huo, zinabaki 150 za kulisukuma gari. Kwa difu ya kawaida ujanja huu ni bure: 100 kushoto, 100 kulia, breki inazila zote. Ndiyo maana trekta lina pedali mbili za breki, moja kwa kila upande, dereva abane lile linalozunguka bure tu.

Nikasikia injini ikipanda kidogo, sauti ya mtu akisema "taratibu, taratibu", kisha kokoto zikaruka chini ya bodi. Simu ikakatika. Baada ya dakika tano akanitumia picha: mfereji, tope la Isyonje jeusi, na alama za matairi mawili zikitoka pamoja kuelekea barabarani.